Kisiwa Kisicho na Pa Kukimbilia

Baba yangu alifundisha jiografia bila ramani. Si kwamba ramani haikuwepo. Shule yetu ya Wamethodisti pale Kamina ilikuwa na ramani kubwa ya Kongo, ya kitambaa, yenye mito ya buluu, na ilining'inia nyuma ya meza ya mwalimu tangu kabla sijazaliwa. Vita iliporudi mwishoni mwa miaka ya tisini, directeur, yaani mkuu wa shule, aliishusha kwa mikono yake, akaikunja, akaificha juu ya dari ya ofisi. Siku zile mtu akikutwa na ramani ya nchi alikuwa mpelelezi, basi, hakuna wa kusikiliza maelezo yake. Ungechora hata reli tu, kutoka stesheni yetu mpaka Kaniama, ungeulizwa unamchorea nani.

Basi Baba akabaki na kitabu kimoja cha Kifaransa, kisicho na jalada, ambacho kurasa za Afrika ya kati zilishang'olewa zamani na mtu ambaye hajulikani mpaka leo. Kilianzia baharini. Ndiyo maana sisi wa darasa la sita, mwaka ule wa vita, watoto ambao hatujawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo, tulifundishwa visiwa. Visiwa havikumtisha askari yeyote.

Kisiwa alichokipenda Baba kilikuwa Maurice. Wengine wanakiita Morisi. Sisi tulisema kama kitabu. Alichora yai kwenye ubao, dogo, akapangusa chaki mikononi, akatugeukia.

"Nchi nzima njo hii," alisema.

Tulicheka sana. Nchi gani inatoshea ubaoni na nafasi inabaki ya kuandika tarehe? Akasema Kongo yetu inaweza kuimeza Maurice zaidi ya mara elfu moja na isishibe. Hilo hatukulielewa, maana elfu moja haina sura. Ndipo akatupimia kwa kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli kwetu. Kila mtoto wa Kamina aliwajua watu wa mahindi, wale wanaume wanaosukuma kinga zilizobeba magunia matatu kutoka Kaniama, wanatembea siku na siku, mashati yameloa mgongoni.

"Kutoka mwisho ya huku mpaka mwisho ya kule," Baba alisema, "haifike ata nusu ya njia ya Kaniama. Mutu wa mahindi, na mizigo yake yote, siku mbili amemaliza inchi."

Siku mbili amemaliza nchi! Neno hilo lilitoka nasi darasani, likazunguka uwanja wote wa shule. Wiki nzima watoto walikuwa wanakimbizana wakipiga kelele kwamba wamemaliza nchi.

Akatuambia pia kwamba Maurice hawana jeshi. Polisi wanao, jeshi hapana. Kilomita chache kutoka pale tulipoketi kulikuwa na Base, kituo cha jeshi, yenye uwanja wa ndege na kambi zisizohesabika, na ndege zilipita juu ya shule mpaka Baba alazimike kunyamaza katikati ya sentensi. Msichana mmoja, ambaye baba yake alikuwa askari huko Base, aliinua mkono.

"Mwalimu, sasa baba za batoto ba kule banafanyaka kazi gani?"

"Banalima miwa," Baba alijibu, akafuta ubao haraka, kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

Mimi sikuwa mtoto mpole. Nalisema mapema ili mtu asije akashangaa mbele. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mdomo mrefu na masikio marefu zaidi, na shuleni nililazimika kumwita baba yangu Mwalimu na kunyamaza kama wengine. Kwa hiyo ya shuleni niliyamalizia nyumbani, kwa Kaku.

Kaku alikuwa mama wa baba yangu. Chumba chake kilikuwa kando ya jiko, na magoti yake yalivimba hivi kwamba kutoka kitandani mpaka mlangoni ilikuwa safari ya kupumzika mara mbili. Alisema Kiluba alipokuwa na furaha na Kiswahili alipotaka kugomba. Mimi aliniita mupali wangu, yaani mke mwenza, kwa sababu alidai marehemu babu angenioa mimi akamwacha yeye. Tulitukanana kwa upendo kutwa nzima, na mama yangu, aliyekuwa mtu wa kazi na maneno machache, alisema nyumba ina watoto wawili wa umri mmoja.

Sasa nieleze jambo la mtungi, maana yote yanatoka hapo.

Mwaka ule kila nyumba ya Kamina ilikuwa na furushi nyuma ya mlango. Letu lilikuwa na sufuria mbili, chumvi, kiberiti, blanketi, na diploma ya Baba ndani ya plastiki. Watu walikuwa wanaingia mjini kwa miguu wakifuata reli, kutoka upande wa vita, na wote waliofika walituambia vita iko nyuma yao. Tulijua kwamba siku moja zamu ingekuwa yetu ya kushika njia. Lakini kwenye nyumba zenye mzee asiyeweza kutembea kulikuwa na kitu cha pili: mtungi wa maji na kikapu cha unga karibu na kitanda chake. Nyumba ikikimbia, mzee anabaki. Anakunywa, anakula, anangoja. Hakuna aliyelisema kwa sauti. Ukiingia kwa jirani ukauona mtungi umewekwa kando ya kitanda badala ya jikoni, umeshaelewa.

Kaku wetu hakungoja mtu amwekee. Alimtuma Mama sokoni kwa mfinyanzi wake, mwanamke wa makamo aliyeuza vyungu karibu na stesheni, Mama akanunua mtungi mpya, na Kaku akauweka mwenyewe kichwani pa kitanda. Akaukagua kama mtu anayekagua nguo ya sikukuu.

Niliuliza kwa nini mtungi wake haukai jikoni. Akaniambia. Katika vita ya zamani, mimi sijazaliwa na Baba bado ananyonya, Kaku alikimbia kijiji chao akiwa na Baba mgongoni. Mama yake mwenyewe alikuwa na magoti kama haya haya. Walimwachia mtungi na unga. Mvua zilipokwisha wakarudi. Nyumba ilikuwa imesimama. Mtungi ulikuwa mkavu. Majirani waliotangulia kurudi walimwonyesha mahali walipomzika.

"Alitupungia mukono," Kaku alisema. "Akaniambia, enda, mutoto atalia. Sasa zamu ni yangu, mupali. Usilie. Njo vile inaendaka."

Mimi sikulia. Mimi nilikasirika. Nilikasirikia vita, nikamkasirikia Mama kwa kununua mtungi, nikamkasirikia na Baba, kwa sababu alipita mbele ya mlango ule kila asubuhi, tai shingoni, kinga yake inang'aa, akamsalimu mama yake kwa heshima zote, na hakuutazama mtungi hata mara moja. Na nikatunga mpango wangu. Maji yasipokuwepo, nilifikiri, hawawezi kuondoka. Nani atamwacha mtu bila maji?

Kila jioni Mama aliujaza mtungi. Kila asubuhi, Kaku akiwa nje anaota jua, mimi niliingia nikaumwaga, nusu au zaidi, dirishani, chini ya mpapai wetu. Nilibakiza kidogo chini ili usionekane mkavu. Kaku akaanza kulalamika kwamba mtungi unavuja. Akaupaka nta. Akaupaka ulimbo. Akaugeuza geuza mwangani akitafuta ufa. Mwisho akamtukana mfinyanzi, na kwa kuwa magoti hayakumruhusu kwenda kumtukana usoni, alimtuma Mama na matusi mazima mazima, na Mama, nadhani, aliyaacha njiani. Mpapai ule, kwa upande wake, ulizaa mwaka ule kama haujasikia habari ya vita. Mama aliutazama, akatikisa kichwa, akachuma.

Jioni ya siku ile ya Maurice, tulikuwa tunakula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, uani, Kaku ameketi kwenye kigoda chake, nami nikamhadithia kisiwa chote: miwa, siku mbili za kinga, nchi bila jeshi. Baba alinisahihisha hapa na pale, kwa raha, maana alipenda kusikia somo lake likirudi. Kaku alisikiliza akitafuna polepole. Wengine huuliza nchi ina nini: madini, mahindi, ng'ombe. Kaku alikuwa mtu aliyekimbia mara mbili katika maisha yake, na alipima nchi kwa kipimo chake.

"Sasa kule," alisema, "siku vita inakuya, bantu banakimbilia wapi?"

Baba alitabasamu. "Hakuna fasi, Mama. Pande yote ni mayi."

"Ata mu pori?"

"Pori iko kidogo. Ukikimbia mingi, unatokea kwa mayi."

Kaku alikata tonge, akalichovya, akalishika hewani bila kula.

"Basi kule," alisema, "hakuna mutu anaachaka mama yake."

Alilisema bila kumchoma mtu. Alikuwa ameelewa kitu kuhusu visiwa, akakisema, kama mwanafunzi mzuri. Halafu akala tonge lake. Baba ndiye aliyeacha kula. Alinawa mikono ingawa sahani ilikuwa nusu, akasema ana madaftari ya kusahihisha, na madaftari ya wiki ile nilijua alishayamaliza yote.

Nilingoja aseme kitu. Siku ya kwanza hakusema, ya pili hakusema. Wiki ikapita. Mama aliujaza mtungi, mimi nikaumwaga. Nilianza kumwona baba yangu, ambaye alijua nchi zote zisizomhusu, kuwa mtu mwoga. Nasikia aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyomwona.

Halafu ikaja asubuhi yenyewe. Tulikuwa kwenye hesabu, saa tatu na nusu hivi, jua zuri, tukasikia risasi upande wa Base. Si moja wala mbili. Darasa zima lilijua kuhesabu risasi kuliko sehemu za kumi, na zile zilikuwa nyingi. Directeur alipita akikimbia barazani, akapiga kengele bila mpangilio. Baba alitutoa nje kwa mstari, nawaapia, kwa mstari, wawili wawili, halafu akasema, "Mwende nyumbani. Mukimbie." Akanipakia kwenye kinga yake, tukaondoka.

Barabara yote ilikuwa mbioni. Watu walikuwa wanafunga milango, wanaita watoto. Jirani yetu wa kushoto, mmoja wa wale watu wa mahindi, alikuwa amefika kutoka Kaniama siku iliyotangulia. Kinga yake ilikuwa uani bado na magunia yake matatu. Nyumbani kwetu Mama alishakuwa na furushi kichwani, kaka yangu mdogo mgongoni na mwingine mkononi. Alikuwa analia bila sauti. Kaku alikuwa ameketi kitandani, amevaa kitenge chake kizuri, kikapu cha unga miguuni.

"Mwende," alisema. "Munafanya nini bado? Mwende!"

Baba aliinama kwenye mtungi. Aliinua kifuniko, akatazama ndani, akaingiza mkono. Nikauona mkono wake ukitoka mkavu.

Jamani. Mimi nilikuwa nimeumwaga saa moja asubuhi, wote safari hii, kwa hasira ya wiki nzima ya kungoja. Mpaka dakika ile mpango wangu ulikuwa na akili. Dakika ile niliona sawasawa nilichofanya: wataondoka, maana risasi hazingoji mtu, na Kaku atabaki na mtungi mkavu, kama mama yake.

"Ni minyi!" nilipiga kelele. "Minyi njo niko namwaga! Kila siku namwaga! Mayi isipokuwa, hamuwezi kumuacha!"

Nilijua nitapigwa, na sikujali. Nilikuwa nimeshika mguu wa kitanda. Mama aliita jina la Mungu. Kaku alinikodolea macho, akautazama mtungi, akanitazama tena.

Baba hakunipiga. Aliuchukua mtungi, akatoka nao haraka kwenda bombani, mwisho wa barabara, kuujaza. Nilimwona kupitia mlango. Alifika kwenye ua wetu wa mianzi, akasimama. Watu walipita mbele yake na magodoro na kuku na mashine za kushonea. Alisimama pale, mtungi kifuani, mgongo umetugeukia, muda ambao kwangu ulikuwa mwaka. Halafu akarudi. Mtungi ulikuwa mtupu vile vile. Akaupindua chini juu, akauweka sakafuni.

"Bon," alisema. "Leo sisi tuko Maurice. Hakuna pori, hakuna njia. Hakuna kuacha mutu."

"Usinichekeshe," Kaku alimwambia, na sauti yake ilikuwa kali. "Zamu iko yangu. Minyi niliacha mama yangu juu ya weye. Minyi nilichagua."

"Najua," Baba alisema. "Nilikuwa mu mugongo yako. Hakuna mutu aliniuliza."

Sikujua kwamba anajua. Nadhani Kaku pia hakujua.

Baba aliita juu ya ua. Jirani wa mahindi alikuja, akasikiliza nusu ya sentensi, akarudi kwake. Alikata kamba. Magunia yake matatu, ambayo aliyasukuma kutoka Kaniama kwa miguu yake, yakaanguka uani, moja likapasuka, na mahindi yakamwagika. Hakuyatazama. Alileta kinga yake, ile yenye portbagaji ya nyuma ya kubebea mizigo, ya vyuma vya ujenzi, akaweka blanketi lililokunjwa, wakamwinua Kaku, wakamketisha, wakamfunga kiunoni kwa mipira ya magurudumu ya zamani, kwa ustadi, fundo hapa, fundo pale. Ilikuwa kazi yake. Alijua mzigo unavyopaswa kukaa ili usielemee upande.

"Minyi iko gunia?" Kaku alifoka.

"Hapana, Mama," jirani akasema. "Gunia haisemake."

Tukaondoka. Jirani mbele, ameshika ile fimbo inayofungwa kwenye usukani kuongoza kinga yenye mzigo. Baba nyuma, anasukuma, tai shingoni bado, shati la shule limegeuka rangi. Nyinyi ambao hamkukulia Kamina hamwezi kujua hilo lilikuwa jambo gani. Mwalimu wa Kimethodisti hasukumi kinga ya mzigo. Kinga yake ni ya kwenda kazini, inafutwa kwa kitambaa. Tulipovuka reli, wanafunzi wake walimwona, wakaitana, "Mwalimu anasukuma! Mwalimu anasukuma kinga!" Baba hakuinua kichwa. Alisema tu, "Endelea, endelea," kama kwenye imla.

Mimi nilibeba diploma, ambayo Mama aliitoa kwenye furushi, na kushika mkono wa kaka yangu. Nilitembea karibu kabisa na gurudumu la nyuma, nikimwangalia Kaku asianguke. Kwa miaka mitatu hakuwa ametoka nje ya ua wetu. Alilalamikia kila shimo. Halafu malalamiko yakapungua. Akaanza kutazama. Alitaja mashamba ni ya nani, au yalikuwa ya nani. Alishangaa nyumba zimefika wapi. Alisalimu watu waliokuwa wanakimbia, kwa Kiluba, kwa utulivu, na baadhi yao, kweli kabisa, walisimama wakaitika.

Muda wa saa nne ulipita hivyo. Risasi hatukuzisikia tena. Jua lilikuwa kichwani.

"Mwalimu!" Kaku aliita. Hakuwahi kumwita mwanawe hivyo. "Sasa mu kisiwa yako, tumefika wapi?"

Baba alifikiri. Alikuwa anahema sana lakini alifikiri, maana swali la jiografia ni swali la jiografia.

"Robo, Mama," alisema. "Tumetembea robo ya inchi."

"Robo ya inchi," Kaku alirudia, akakaa vizuri kwenye blanketi lake. "Na magoti haya."

Mama akaanza kucheka. Furushi likatikisika kichwani, machozi yanamtoka, anacheka, na jirani akacheka, na Baba akacheka mpaka ikabidi wasimamishe kinga isije ikaanguka. Watu wengine walitupita wakidhani tumerukwa na akili.

Tulilala kwenye kijiji cha Wakatoliki, wakulima, ambao hawakutuuliza sisi ni wa kanisa gani. Walitupa viazi vitamu, na kibanda cha kuhifadhia muhogo tulale humo. Asubuhi akapita mtu wa kinga akitoka mjini, akasema hakuna vita iliyofika. Askari wa Base walipiga hewani. Kwa nini? Mmoja alisema ni ndoa, mwingine alisema ni mpira, mwingine mshahara. Mpaka leo Kamina hawajakubaliana.

Tukarudi. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, kuku wawili hawakuonekana tena. Mtungi ulikuwa pale pale sakafuni, chini juu. Kabla hata ya kufunguliwa mipira, Kaku alinyoosha kidole akautaka. Aliupakata akiwa bado juu ya kinga, akaugonga kwa kidole, akasikiliza.

"Kumbe mutungi yangu iko muzima!" alisema. Halafu akakumbuka. "Mama yangu! Na ule mama nilimutukana!"

Aliamuru mtungi upelekwe jikoni siku ile ile. Akapika munkoyo humo, kinywaji chetu cha mahindi, kwa mahindi ya lile gunia lililopasuka, ambayo mimi na kaka zangu tuliyaokota moja moja uani kwa jirani. Kibuyu cha kwanza kilikwenda kwa mfinyanzi pale stesheni, na niliyekipeleka ni mimi, na maneno ya kuomba radhi Kaku alinikaririsha mpaka nikayashika. Mfinyanzi hakuelewa kitu, kwa sababu matusi hayakuwahi kumfikia. Alikunywa, akasema ni tamu. Adhabu yangu ilikuwa kuchota maji ya jirani wa mahindi kwa siku nyingi kama zile nilizomwaga, na sikusema ukweli wote kuhusu idadi, nilipunguza.

Vita haikwisha siku ile. Iliendelea miaka, na furushi liliendelea kukaa nyuma ya mlango. Lakini karibu nalo sasa kulikuwa na blanketi moja lililokunjwa na mipira miwili ya magurudumu, na mtu akiingia kwetu aliviona, akaelewa. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kuona blanketi na mipira katika nyumba nyingine za barabara yetu. Jirani wa mahindi ndiye aliyezunguka akiwafundisha watu mafundo, jioni, akirudi kutoka kazini. Baba naye aliendelea na visiwa mpaka ramani iliposhuka darini. Katika mtihani wa mwisho wa mwaka alituuliza tofauti ya Maurice na nchi yetu. Mimi niliandika kwamba kule hawana pa kukimbilia, na sisi tunapo, lakini barabara ya kwetu tumeamua kufanya kama kule. Alinipa alama nusu, kwa sababu sikutaja miwa.

Kaku aliishi miaka sita zaidi. Alikufa msimu wa mvua, asubuhi, kitandani mwake, wakati treni zilikuwa zimeanza tena kupita na sisi tulishaacha kuhesabu milio. Siku zile za mwisho alikuwa na kiu, na Mama aliuleta mtungi kutoka jikoni, akauweka kichwani pa kitanda, ulipokuwa zamani. Kaku aligeuza macho akautazama, halafu akatutazama sisi, mmoja mmoja: Baba, Mama, kaka zangu, jirani wa mahindi aliyesimama mlangoni, na mimi niliyeshika kikombe. Tulikuwa wote humo ndani, na hakuna aliyekuwa na safari.